Ndege za vita za zamani zinazoruka mpaka leo: ni za kweli au za kuigiza?

Wa aleikum salaam dada yangu wa Wete. Swali lako nimelisoma vizuri. Unasema Septemba inshaallah unakwenda Leicester kwa mdogo wako, na shemeji yako keshakata tiketi za Duxford, kiwanja cha ndege cha zamani cha Uingereza ambacho sasa ni makumbusho, siku ya onyesho la ndege za vita za zamani, wewe na mwanao wa miaka 11 ambae hana habari nyengine ila ndege. Unataka kujua mambo matatu: ndege zenyewe ni zile zile zilizopigana au zimetengenezwa juzi kwa ajili ya kutazamwa, mtu asiejua chochote kuhusu ndege atakaa kutwa nzima anaangalia nini, na usalama wake ukoje maana umeona video za ndege zinaanguka. Naanza na hilo la kwanza kwani ndilo kubwa, na ukishalielewa hilo utajua mwenyewe macho uyapeleke wapi siku hiyo.

Mie ni fundi wa ndege, nimefanya kazi miaka mingi na hizi ndogo zinazokuja huko kwenu Pemba, kwa hivyo ntakwambia kama fundi, sio kama mtu wa historia.

Jibu fupi: nyingi ni za kweli, lakini "kweli" kwenye ndege ina maana yake. Ndege yoyote inayoruka, hata hii unayopanda Chake kuja Unguja, vipande vyake vinabadilishwa. Injini inafika masaa yake inatolewa, pangaboi nalo vile vile, mipira, mabomba, waya, bati likiliwa na kutu linakatwa linatiwa jengine. Sasa chukua ndege ya 1940, imetengenezwa kwa haraka ya vita, waliyoitengeneza hawakutarajia ifike hata mwaka mmoja, leo ina miaka zaidi ya 80 na bado inaruka. Hebu fikiria jahazi la babu lililobadilishwa mbao moja moja mpaka mkuku, wenyewe bado wanaliita jina lile lile na hakuna anaebisha, na ndege za zamani ni hivyo hivyo. Kila ndege ilipotoka kiwandani ilipewa namba yake, na kibati cha namba kikapigwa riveti ndani, kwa hivyo mafundi wanaoifufua wanaifuata namba ile, makaratasi yake, mabaki yake, halafu wanaijenga upya kuzunguka kile kilichobaki. Wapo wanaosema hiyo si ile tena. Mie nasema ni ile, maana imejengwa kwa michoro ile ile na vipimo vile vile na inaruka kwa tabia zile zile, na ubaya wake ni ule ule.

Nikupe mfano ambao mtaukuta huko huko Duxford. Kuna Spitfire moja, ndege ndogo ya kivita ya Kiingereza ya vita vya pili, namba yake N3200. Mwaka 1940 ilikuwa ya skwadroni, yaani kikosi cha ndege, namba 19, na skwadroni hiyo maskani yake ilikuwa Duxford, ndio ya kwanza kabisa kupewa Spitfire, Agosti 1938. Mwezi wa Mei 1940 wakati jeshi la Uingereza limebanwa Dunkirk, ndege ile ikapigwa, rubani wake Geoffrey Stephenson ambae ndie alikuwa mkuu wa skwadroni akaishusha kwa tumbo ufukweni Sangatte upande wa Ufaransa, yeye akaja kukamatwa na Wajerumani akawa mfungwa, ndege mchanga ukaimeza. Ikakaa chini ya mchanga zaidi ya miaka 40, ikaonekana 1986. Kilichotoka pale hakikuwa ndege, yalikuwa mabati yaliyoliwa na chumvi, na wewe mtu wa pwani unajua chumvi inafanya nini kwenye chuma. Wakaijenga upya, ikaruka 2014, mwaka 2015 mwenyewe akaitoa zawadi kwa Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya Uingereza, ambao ndio wenye Duxford, na sasa inaruka kutoka kiwanja kile kile kilichokuwa maskani ya skwadroni yake. Dada yake, P9374, nayo ilitoka kwenye mchanga karibu na Calais, mwaka huo huo wa 2015 ikapigwa mnada London pauni milioni 3.1. Kwa hivyo ukiuliza mbona tiketi ghali, hesabu mojawapo ndio hiyo.

Zipo ambazo zinaonekana za kitu fulani na sio. Mtaona ndege zimepakwa rangi za Kijerumani, msalaba mweusi ubavuni, mtangazaji anasema Messerschmitt 109. Mwambie mwanao asikilize sauti. Nyingi za hizo zinazoruka ni Buchón, ni bodi ya Messerschmitt iliyotengenezwa Hispania baada ya vita, na Wahispania injini za Kijerumani hawakuzipata tena wakatia Rolls-Royce Merlin, injini ile ile ya Spitfire! Utaziona zinafukuzana juu mmoja Mjerumani mmoja Muingereza na zote zinaunguruma sauti moja. Nayo si ya bandia, ni ndege ya jeshi kweli, ila nasaba yake ni hiyo. Na ajabu nyengine, Messerschmitt 109 ya mwanzo kabisa ilipojaribiwa 1935 iliruka na injini ya Rolls-Royce pia, Kestrel, kwa vile ya Kijerumani ilikuwa haijawa tayari.

Sasa kuna moja nataka muitafute khasa, kwa sababu inatuhusu sisi. Jeshi la anga la Uingereza lina kikosi cha ndege za kumbukumbu, kipo Coningsby, na wanayo Lancaster moja, namba PA474. Ni ndege kubwa ya mabomu, injini 4 za Merlin, watu 7 ndani. Zilitengenezwa Lancaster zaidi ya 7,000, leo duniani zinazoruka ni 2 tu, hii na nyengine iko Canada. Mara nyingi huja kupita kwenye maonyesho ya huko, ikiwa haiko kwenye matengenezo na upepo ukiruhusu. PA474 ilitoka kiwandani 1945, vita vikesha kabla haijatumwa, haijatupa bomu hata moja kwa adui. Kazi iliyofanya ni nini? Ikatiwa kamera ikaletwa Afrika, skwadroni namba 82, ikawa inapiga picha za ardhi kutoka juu kwa ajili ya ramani, Afrika Mashariki na Kusini, mpaka 1952. Kwa hivyo ile dude ikipita juu ya vichwa vyenu mwambie mtoto ilishafanya kazi upande wetu huu, Nairobi Eastleigh ndio palikuwa na kambi ya skwadroni ile. Wapo watu wazee wa bara waliosikia mngurumo ule utotoni na hawakujua ni nini.

Na si hiyo tu. Watu wengi hapa visiwani wanadhani mambo ya ndege za vita ni ya Wazungu huko mbali, kumbe bahari yetu hii ni moja ya pahala pa mwanzo duniani ndege kutumika kuitafuta meli ya vita. Kisa kinaanzia bandari ya Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga hapa mjini inatengenezwa mashine yake, ikaipiga mizinga mpaka ikazama. Mabaharia waliokufa wamezikwa kisiwa cha Chapwani, makaburi yapo mpaka leo, ukipita na boti unakwenda Changuu yako upande ule. Königsberg ikakimbia ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, kwenye mikoko, meli za Kiingereza haziwezi kuingia na huku nje hazioni kitu. Wakaajiri rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini, radieta ikamletea taabu ikabidi wafunge ya gari ya Ford iliyopatikana Mombasa, na kwa ndege ile akaiona manowari mwezi wa Novemba. Mie kama fundi kisa cha radieta kinanifurahisha kuliko kisa chote, yaani tangu siku hiyo mafundi wa ndege wa pwani hii tunafanya kazi kwa kilichopo.

Wakaleta nyengine, Sopwith, joto na unyevu wa huku vikazishinda, gundi ikaachia, pangaboi za mbao zikabanduka, injini hazina nguvu ya kuinua watu wawili. Mwisho wakatengeneza kiwanja kisiwa cha Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 ndege ikawa juu inaelekeza mizinga ya meli mbili ndogo zilizoingia mtoni, rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold, wakapigwa injini, wakawa wanashuka huku Arnold bado anatuma masahihisho ya shabaha kwa redio, wakaangukia mtoni wakaokolewa. Königsberg ikaisha siku hiyo. Kwa hivyo mkiona huko ndege za mbao na turubai za vita vya kwanza, mabawa mawili juu na chini na waya zimefungwa kila pahala, mjue zilifika mpaka Rufiji.

Vita vya pili vile vile, Catalina na Sunderland, ndege za kutua majini, zilikuwa zinatoka Kipevu Mombasa na Dar es Salaam kwenda kutafuta nyambizi. Catalina za huku ndizo zilizozamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska mwezi wa Agosti 1943. Catalina ukiiona huko huwezi kuikosea, bawa limekaa juu ya nguzo, tumbo ni la mashua.

Haya, la pili, mtu asiejua kitu aangalie nini. Kwanza kabisa nendeni asubuhi. Ndege zenyewe huanza kuruka mchana, na watu wengi hufika saa sita za mchana wakakaa kwenye viti wakasubiri, na hao wamekosa nusu ya siku. Milango inafunguliwa asubuhi na ndege zinakuwa zimepangwa nje, kuna sehemu unaruhusiwa kupita karibu yake kabisa, wakati mwengine kwa malipo ya ziada kidogo, na kama mnayo pesa hiyo nakushauri ulipe, bora msinunue vinyago dukani. Pale ndipo mwanao atapoona riveti, atanusa oili, ataona mafundi wamelala chini ya injini. Azungumze nao. Mafundi wa ndege za zamani wengi ni watu wa kujitolea, wazee wengine wamestaafu, na wanapenda mtoto anaeuliza. Muulize kiingereza chake kikoje, aandike maswali matatu kabla hajaondoka nyumbani, aulize hivi: trei hii iliyowekwa chini ya injini ni ya nini, kwa nini mnazungusha pangaboi kwa mkono kabla hamjawasha, na kwa nini rubani anakwenda zigizaga akiwa chini.

Majibu ntakupa ili na wewe ujue. Trei ni ya kupokea oili inayochirizika. Injini zile za duara, silinda zimepangwa kuzunguka, kwa mfano za ile B-17, ndege ya mabomu ya Kimarekani, inayoitwa Sally B ambayo kwao ni Duxford, injini 4 kila moja silinda 9, zikikaa muda oili inachirizikia kwenye silinda za chini. Ukiwasha hivyo hivyo pistoni inapanda inakuta oili imejaa, na oili haibanyiki, kitu kinapinda au kinavunjika. Ndio mafundi wanazungusha pangaboi kwa mkono pole pole, wakihisi zito pahala wanasimama wanafungua plagi za chini wanaitoa oili. Na ndio maana injini zile zikiwaka zinatoa wingu la moshi mweupe, mtu asiejua anadhani inaungua, kumbe ni oili iliyobaki. Kuhusu zigizaga, ndege hizi nyingi zina gurudumu dogo nyuma, pua imeelekea juu, rubani wa Spitfire akiwa chini mbele haoni chochote ila kifuniko cha injini, kwa hivyo anageuza kulia na kushoto apate kuchungulia ubavuni.

Na Spitfire chini ina ugonjwa wa joto. Radieta ziko chini ya mabawa, miguu ikiwa nje inaziba upepo wa upande mmoja, na injini ya lita 27 silinda 12 inapoozwa na maji yaliyochanganywa na glaikoli, ikikaa chini muda mrefu inachemka. Tazameni utaratibu wao siku hiyo, Spitfire haiwashwi mpaka karibu na zamu yake, ikishawashwa inataka kuondoka, rubani hana subira na kila mtu anampisha. Hicho ni kitu nnachokipenda kukitazama kuliko hata mizunguko ya juu, namna watu wa chini wanavyoipanga kazi yao wote kwa ajili ya injini moja isichemke.

Wakati wa kuwasha simameni karibu na kamba, muwe kimya. Utaona pangaboi linazunguka pole mara mbili tatu, silinda moja inapiga, nyengine inakataa, ndimi za moto zinachungulia kwenye mabomba ya ubavuni, halafu zote 12 zinashika na ardhi unaihisi chini ya viatu. Mtoto muwekee vizibo vya masikio, vile vya kuvaa kichwani sio vya pamba, watu wanachukulia rahisi hilo halafu mtoto analia kutwa.

Kutofautisha Spitfire na Hurricane, ndege nyengine ya kivita ya Kiingereza, ndio mtihani wa kila mtu na njia rahisi ni miguu. Zikiruka tu tazama magurudumu. Spitfire miguu imekaribiana na inakunjika kwenda nje, Hurricane imetanuka na inakunjika kwenda ndani. Spitfire bawa lake ni la duaradufu, limezunguka mpaka nchani, Hurricane bawa nene na nyuma yake bodi ni turubai juu ya fremu, ukiitazama jua likiwa ubavuni unaona mbavu zake zimejichora. Watu wote wanashangilia Spitfire, na ni nzuri mashaallah, R. J. Mitchell aliyeichora hakuwahi kuona vita vya pili, alifariki 1937 mwaka mmoja tu baada ya kuruka mara ya kwanza. Lakini 1940 zilizofanya kazi kubwa zaidi kwa idadi ni Hurricane, zilikuwa nyingi zaidi na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za Kijerumani, na ikitobolewa risasi fundi anashona turubai asubuhi inarudi kazini. Mie nikiulizwa ipi nichague kuitunza ntasema Hurricane bila kufikiri.

Mustang ya Kimarekani ina mdomo wa hewa chini ya tumbo, hiyo mtoto ataijua mwenyewe kwa mbali.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa skuli, kuna kisa kimoja nadhani utakipenda uwasomeshe watoto wako wa kike. Merlin za mwanzo zilikuwa na kabureta la boya, rubani akiisukuma pua chini ghafla petroli inapanda juu ya kabureta na injini inakata, na Mjerumani yeye injini yake inachomwa petroli moja kwa moja haina tatizo hilo, kwa hivyo akifukuzwa anapiga mbizi tu, Muingereza anabaki nyuma. Aliyelitatua ni mwanamke, Beatrice Shilling, mhandisi na mtu wa kukimbiza pikipiki za mashindano, mwaka 1941 akatengeneza kidude kidogo cha shaba chenye tundu lililopimwa kupitisha petroli ya kiasi tu isizidi, kinafungwa bila ndege kutolewa kazini, na yeye mwenyewe akawa anazunguka viwanja kuvifunga.

Usiache kumwambia mtoto na upande mwengine. Hizi ni silaha. Kwenye ndege za mabomu za Uingereza walikufa marubani na wenzao 55,573, karibu nusu ya wote walioruka, na chini huko mijini kwa Wajerumani waliokufa ni raia kwa malaki. Na waliokuwemo ndani hawakuwa Waingereza tu. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa navigeta wa ndege ya mabomu, akaangushwa Ujerumani 1943 akafungwa mpaka mwisho wa vita, baadae akaja kuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi yake. Makoloni pia yalichangishwa pesa za ndege, bei ya Spitfire ikawekwa pauni 5,000 ili watu wachange, na Basutoland, yaani Lesotho ya leo, walichanga nyingi mpaka skwadroni namba 72 ikapewa jina lao. Kwa hivyo mtoto wa Kiafrika akisimama pale asijione mgeni.

Usalama. Sitokuficha, ajali zipo na hizo ulizoziona ni kweli. Shoreham, Agosti 2015, ndege ya jeti ya zamani aina ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko ikaangukia barabarani, watu 11 wakafa. Dallas, Novemba 2022, B-17 na ndege ndogo ya kivita ziligongana angani, 6 wakafa, wote waliokuwemo ndani ya ndege. Lakini soma vizuri nani alikufa. Wale wa Shoreham walikuwa barabarani nje ya kiwanja. Ajali kubwa ya watazamaji huko Uingereza ni ya Farnborough 1952, ndege ilipasuka angani vipande vikaangukia watu, 31 wakafa, wakiwemo rubani na mwenzake waliokuwa ndani ya ndege, na tangu hapo sheria zikabadilika, ndege haielekezwi kwa watu, kuna mstari inaufuata mbali na watazamaji na urefu wa chini imewekewa. Baada ya Shoreham wakakaza zaidi, jeti za zamani juu ya ardhi zikakatazwa michezo ya hatari. Ndio utaona zinapita mbali kidogo kuliko ulivyotarajia, mtoto atalalamika, mwambie ndio sababu. Na rubani akiona upepo haumfai haruki, tangazo linatolewa na zamu yake inafutwa. Usione umeibiwa. Mie mtu anaekataa kurusha ndege ya miaka 80 kwa sababu ya upepo wa ubavuni namheshimu sana, ndio maana ndege ile ipo mpaka leo.

Vitu vya njiani kwa ufupi. Mkienda kwa treni kituo ni Whittlesford Parkway, kwa gari ni barabara ya M11. Tiketi siku za maonyesho hukatwa kabla, sio mlangoni. Kiwanja kiko wazi hakina mti, Septemba ya huko jua linachoma mchana na jioni baridi inaingia, kwa hivyo kofia na koti vyote viwili. Chukueni chakula chenu, chapati na mayai ya kuchemsha na chai ya chupa, vya huko ni bei na kupata halali ni bahati. Mkeka uwe nao, nyasi ni nyingi na mtasali pale pale, adhuhuri ya huko Septemba inaingia saa saba hivi za mchana, ndio karibu na kuanza kuruka, salini mapema wakati unapoingia tu. Hali ya hewa ikichafuka, ndani ya hanga kuna Concorde, ndege ya abiria iliyokuwa ikiruka kwa kasi kuliko sauti, na jumba la American Air Museum lenye B-52, ndege kubwa ya mabomu ya Kimarekani, ndani yake, muache mvua ipite mle.

Simu. Wacha mtoto arikodi dakika tano halafu aiweke mfukoni. Na shemeji kama ana kamera ya kweli mwambie asiweke spidi kubwa, 1/200 au chini ya hapo, la sivyo pangaboi linaganda kwenye picha na ndege inaonekana imesimama hewani.

Mwisho, umeniuliza vipi mtajua Spitfire gani mmeiona maana ziko aina nyingi. Hesabuni mapanga ya pangaboi. Za mwanzo, zile za 1940, ni tatu, na za mwanzo zaidi kabisa mbili tu za mbao. Mark IX (Mark ni toleo) ni nne. Mkiona tano, hiyo ni ya mwisho wa vita, Mark XIV au karibu yake, injini si Merlin tena ni Griffon, lita karibu 37, pua ndefu, na inazunguka upande wa pili, kwa hivyo rubani aliyezoea Merlin akiondoka na hiyo mguu lazima akanyage upande mwengine la sivyo inamtoa njiani. Nipigieni picha ya mbele na ya mguu na namba iliyoandikwa ubavuni karibu na mkia, herufi moja au mbili na tarakimu tatu au nne, nitumie, na ntamwandikia mwanao ilitoka kiwanda gani na ilikuwa ya skwadroni ipi.